Kwa nini gari zima huamka Namawojjolo: mji unavyojitangaza bila bango

Panda basi lolote la kutoka Busia kwenda Kampala. Watu watalala toka Bugiri mpaka daraja la Jinja, wengine wameegemea bega la mtu wasiyemjua, halafu basi likishatoka kwa msitu wa Mabira likapita Lugazi utaona gari zima limeamka, madirisha yanafunguliwa, watu wanatafuta noti mfukoni. Ni Namawojjolo hiyo. Kuku wa kuchoma kwa kijiti, maini, gonja (ndizi ya kuchoma) ya moto, maji baridi, na wauzaji wanakimbia sambamba na gari kabla halijasimama. Mimi hiyo barabara nimeipita tangu utoto na sijawahi kusikia redio ikisema njooni Namawojjolo, sijaona kaulimbiu yao, logo yao siijui, lakini jina lile linatajwa kutoka Busia mpaka Kampala na ukifika nyumbani bila gonja watoto wanakuuliza kulikoni.

Hiyo ndio inanifanya niandike haya, manake tangu Julai 2020, wakati miji kama Jinja, Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Masaka na Fort Portal ilipandishwa kuwa majiji, kila ofisi unayoingia unasikia habari ya kubrandi, yaani kujijengea jina. Jiji linataka brandi, wilaya inataka brandi, mpaka vikundi vya akina mama na timu za mpira za kijijini wanaambiwa na wafadhili eti mko wapi mtandaoni, brandi yenu ni ipi. Na watu wengi wanachanganya mambo ambayo hayafanani hata kidogo, wanadhani kujitangaza ni kuprinti.

Nianze na la kwetu. Kikundi chetu hapa Busia, akina mama na vijana, tunafanya ngoma, vikapu na mikeka. Kuna wakati tulichanga pesa, tukatengeneza bango kubwa la shilingi laki tatu na nusu, lina picha zetu, lina namba za simu, lina Kiingereza kingi, tukalitundika karibu na stendi, tukalipia na matangazo ya redio ya wiki moja. Hakuja mtu hata mmoja kwa ajili ya lile bango, na iliniuma kweli kwa sababu ile pesa ilitoka kwa watu wanaouza nyanya. Baadaye tukafanya hafla ndogo tu, mzee mmoja jirani akasimama akaeleza vile alikuwa akivusha watu mpakani kwa baiskeli enzi hizo, vile kiti cha nyuma alikishonea mto wa sponji ili abiria asiumie, vile waliita wateja kwa sauti "boda, boda!" kumaanisha nakupeleka kutoka boda hii mpaka boda ile. Kijana mmoja akamrekodi kwa simu, dakika kama mbili, sauti imejaa upepo. Wiki mbili baadaye binamu yangu aliye Mombasa ananitumia ile ile video na kuniuliza, huyu mzee si wa kwenu? Na kabla mwezi kuisha wakaja watu wawili kumtafuta mzee, wakanunua na vikapu.

Sasa tofauti iko wapi? Bango lilikuwa linasema sisi ni wazuri. Hakuna mtu anaenda kumwambia mwenzake kwamba nimeona kikundi kinasema ni kizuri, hiyo si habari. Mzee alimpa msikilizaji kitu cha kwenda kusema: unajua neno boda boda lilianzia mpakani kwetu? Hapo msikilizaji anakuwa na cha kumpa mtu mwingine, na akimpa, yeye mwenyewe anaonekana ana habari. Ndio injini ya jambo lote, mengine nitakayosema ni matawi yake. Tangazo ni wewe kujisemea, sifa ni mtu mwingine kukusemea akiwa mbali na wewe hauko, na ukitaka akusemee lazima umpe maneno ya kusema au kitu cha kubeba au jambo alilolifanya kwa mwili wake mwenyewe.

Angalia Kayabwe, kwa barabara ya Masaka, pale mstari wa ikweta unapita. Kile ni nini hasa? Mstari ambao macho hayauoni. Lakini wakaweka ile duara kubwa nyeupe kila upande wa barabara, na mtu akifika anasimama mguu mmoja kaskazini mguu mmoja kusini, anapigwa picha, halafu vijana wanamwonyesha maji yakizunguka kwa beseni, upande huu yanazunguka hivi, upande ule yanageuka. Wanasayansi wanasema beseni dogo hivyo halisikii mzunguko wa dunia, maji yanafuata umbo la beseni na jinsi ulivyoyamwaga, na mimi ningependa vijana wale wawaambie wageni ukweli huo pia, bado ungekuwa mchezo mzuri. Ila somo liko pale: mstari usioonekana umegeuzwa kuwa kitu unachokifanya, na kila aliyekifanya ana picha ya kuonyesha kwao.

Magharibi huko kuna mfano ambao naupenda kuliko wote. Biharwe, karibu na Mbarara. Wazee wa Ankole na Bunyoro wanasimulia kwamba jeshi la Bunyoro lilikuwa linarudi na ng'ombe wa kuteka, likafika Biharwe, ghafla jua likazima mchana, wanajeshi wakaogopa wakakimbia wakaacha ng'ombe pale pale. Watu wa elimu ya nyota wakapiga hesabu wakakuta ni kupatwa kwa jua kwa Aprili 17, 1520, na hesabu hiyo ikawasaidia wanahistoria kupanga miaka ya wafalme wa eneo lote hili. Mwaka 2014 ukazinduliwa mnara wa kumbukumbu. Yaani kilima kile kinapata wageni kwa sababu ya dakika chache za giza zilizotokea miaka 500 nyuma, kwa sababu tu kuna watu hawakuiacha hadithi ife.

Pakwach nao jua liliwajia Novemba 3, 2013. Kupatwa kamili kwa sekunde chache tu, lakini Uganda ilijua mapema kwamba Pakwach ndio mahali pa kusimama, wakatangaza, wageni wakaja kutoka mbali, Rais mwenyewe akaenda. Sasa hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu miji mingi inapenda tukio, tamasha, siku kubwa, na tukio ni zuri lakini linapita. Kazi ngumu ni kubakisha kitu. Ningekuwa mimi Pakwach, kila mwaka tarehe 3 Novemba ningewatoa watoto wa shule nje na vile vioo vya kutazamia jua, waelezwe na mtu aliyekuwepo, mpaka iwe desturi, manake hadithi usiporudia inakufa hata kama Rais aliihudhuria.

Kuna kitu Watooro wanacho ambacho pesa haiwezi kununua. Empaako. Ukifika Fort Portal ukakaa na watu utaulizwa empaako yako, na kama huna watakupa, Amooti, Akiiki, Atwooki, Abwooli, Adyeri, Araali, yako kama 12 hivi kwa jumla, na kuanzia hapo hawakuiti jina lako tena, wanakuita kwa lile la heshima na upendo. UNESCO waliiweka mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, yaani desturi yenyewe inapungua. Fikiria kama mgeni wewe. Umetoka Kisumu au Kigali, umelala Fort Portal siku mbili, umerudi nyumbani unaitwa Akiiki. Utasema kwa kila mtu! Miaka 10 baadaye bado utasema mimi kule wananiita Akiiki. Hakuna kalenda wala kofia yenye logo inayofika hapo, na haigharimu hata shilingi. Fort Portal sasa linaitwa jiji la utalii, maziwa ya volkano yako, milima ya Rwenzori ile pale, lakini mimi nikiulizwa nguvu yao kubwa iko wapi nitasema iko kwa mdomo wa mama anayekupa empaako wakati anakupa chai. Ila isigeuzwe kuwa biashara ya kugawa majina kwa foleni getini, hapo itakufa mikononi mwao.

Nije kwa swali la nani mwenye mali, maana hapa ndio ofisi nyingi zinakosea. Huko Japani kuna mkoa unaitwa Kumamoto. Treni ya kasi ilikuwa inafunguliwa Machi 2011 kwenda mpaka kusini Kagoshima, na watu wa Kumamoto wakaogopa abiria watapita tu kwao bila kushuka, hofu ile ile ya kila mji ulio katikati ya barabara. Wakabuni dubu mweusi mwenye mashavu mekundu, wakamwita Kumamon. Vikatuni kama hivyo Japani vimejaa, kila mji una chake. Walichofanya tofauti ni kwamba mkoa ulisema mfanyabiashara yeyote anaweza kuomba ruhusa akamtumia huyo dubu bila kulipa. Muuza tambi akamweka kwa pakiti, muuza mchele kwa gunia, muuza soksi kwa soksi. Kwa hiyo kila anayeuza kitu akawa anatangaza mkoa, kwa pesa yake mwenyewe, na anafurahi kwa sababu bidhaa yake inanunuliwa zaidi. Mkoa ukapata sifa nchi nzima na nje.

Linganisha na sisi. Jiji linatengeneza logo nzuri, inawekwa kwa barua za ofisi, kwa magari ya ofisi, kwa koti la meya, basi. Mama wa chapati akiiweka kwa kibanda chake ataulizwa nani amekuruhusu. Mimi ningefanya kinyume kabisa, ningempelekea mama wa chapati ile stika bure, na fundi wa baiskeli, na dobi, na kinyozi, ningewaambia hii ni yenu.

Na tukitaja chapati lazima tutaje rolex. Chapati, mayai, nyanya, kabichi, imekunjwa. Ni chakula cha mwanafunzi na mtu wa boda, watu wanakihusisha na Wasoga na vibanda vya Wandegeya pale Makerere, na hakuna mtu mwenye hakimiliki nacho. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa inatangaza sokwe na mito tu, mpaka watu wakaanza kuona kwamba mgeni akirudi kwao anaongea juu ya rolex kuliko kitu kingine. Mwaka 2016 likaanza tamasha la rolex Kampala. Novemba 2021 kule Kasokoso, Wakiso, vijana wakapika rolex moja ya zaidi ya kilo 200 ikaingia Guinness. Kasokoso si mahali pa watalii, ni mtaa wa watu wa kawaida wanaohangaika, na jina lake likasomwa dunia nzima kwa ajili ya unga na mayai. Kitu kikiwa cha kila mtu, kila mtu anakitangaza.

Vikundi vya ndani je, hivi vya kwetu visivyo na bajeti? Mwalimu mzuri wa hili ni Buganda. Kila Aprili kuna mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wao, watu wanaanzia Lubiri, ikulu yake kule Mengo, na wengine kwenye masaza (kaunti) yao. Ili ukimbie unanunua tisheti, na pesa inaenda kwa jambo la afya, kuna miaka ilikuwa fistula, kuna miaka ilikuwa seli mundu, kuna miaka ilikuwa vita dhidi ya UKIMWI. Hebu chambua hiyo. Mtu kwa kawaida unamlipa avae tangazo lako. Hapa yeye ndiye analipa, analivaa siku ya mbio, halafu analivaa tena akienda sokoni, shambani, kwa mwaka mzima mpaka lichakae, na akiulizwa anaeleza kwa fahari. Kwa nini anakubali? Kwa sababu kuna kitu kikubwa kuliko tisheti nyuma yake, kuna Kabaka wake, kuna mgonjwa anayesaidiwa, na kuna barabara nzima imejaa wenzake wa rangi moja. Ukitoa hivyo vitu ukabaki na tisheti peke yake utaipeleka bure na watu wataivaa wakilima. Kwa hiyo shirika dogo likitaka kuiga lisianze na tisheti. Lianze na jambo ambalo watu wanalijali tayari, kisima, maabara ya zahanati, daraja la watoto wa shule, halafu tisheti ije kama alama ya kwamba mimi nilikuwepo.

Watu wa Kasese nao wana mbio zao za Rwenzori tangu 2022, unakimbia unavuka ikweta milima ikiwa mbele yako. Kuna wakimbiaji wanatoka Kampala wanalala siku tatu. Sina la kuongeza hapo, ni wazo safi.

Sasa tuingie kwa jambo gumu, jina. Sisi tunaojua Kiswahili tunapata shida na lile tamasha la Jinja, Nyege Nyege, lililoanza 2015 kando ya Nile. Kwa Waganda maana yake ni ile hamu ya ghafla ya kucheza ngoma, mwili hauwezi kutulia. Kwa Kiswahili, jamani, mnajua, sitafafanua hapa. Mama yangu hawezi kulitamka mbele ya wajukuu. Tamasha limeleta watu kutoka Ulaya, Asia na Afrika nzima, hoteli za Jinja zinajaa, watu wa boda wanalipa ada za watoto kwa siku nne, wapenzi wa muziki nchi za mbali wanaijua Jinja kwa ajili yake. Na pia limepigwa vita, 2018 waziri wa maadili alitaka kulizuia, 2022 bungeni likakatazwa kisha serikali ikaruhusu kwa masharti. Kila likikatazwa jina linazidi kuenea. Kuna watu wanatoa hapo funzo kwamba kelele ni nzuri tu. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Kelele zilimfaa yule anayetaka vijana wa muziki. Lakini Jinja ni jiji, linatazamana na mahali ambapo Speke, mpelelezi Mwingereza, alisimama 1862 akaona mto Nile unatoka ziwani, lina kumbukumbu ya Gandhi ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa pale, lina bwawa la umeme la 1954, na familia ya Mombasa au Tanga inayotafuta mahali pa kwenda na watoto inasikia lile jina inafunga ukurasa. Kwa hiyo kabla hujaipa shughuli yako jina, liulize kwa lugha za majirani. Piga simu kwa shangazi aliye Nairobi, kwa rafiki aliye Goma, kwa mtu wa Juba, waulize wakisikia neno hili wanafikiri nini. Ni simu tatu tu.

Na hapo hapo kwa lugha. Hili linaniuma sana. Wageni wengi wanaoingia Uganda hawatoki Ulaya, wanatoka nchi jirani, Kenya na Rwanda wanaongoza, wengine Tanzania, Kongo, Sudan Kusini. Wanakuja kwa basi, kwa harusi, kwa hija ya Namugongo Juni 3, kwa mazishi, kwa biashara ya Kikuubo kule Kampala, na wanalala, wanakula, wananunua. Halafu angalia mabango ya miji yetu yanaongea na nani! Kiingereza, picha ya mzungu amevaa kofia ya porini. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa katiba tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini ukifika Mbale au Masaka hutaona neno "karibu" hata kwa geti la hoteli. Mji wa kwanza wa Uganda utakaomtengenezea mtu wa Eldoret au Bukoba kavideo ka dakika moja kwa Kiswahili cha kawaida, ukamwambia basi linasimama wapi, chumba ni shilingi ngapi, watoto wataona nini, utapata wateja ambao wenzake hata hawawatazami.

Kuna mambo yanayoharibu, nayo tuyaseme wazi. Februari 2019 waziri mdogo wa utalii alizindua shindano la wanawake wenye maumbo makubwa kama kivutio cha utalii. Wanawake wengi walikasirika na walikuwa na haki, manake mwili wa mtu si mlima wala si mnyama wa mbugani. Kosa lilikuwa kwamba wanaotangazwa hawakuulizwa kama wanataka kutangazwa hivyo. Hilo hilo naliona kwa Imbalu, tohara ya Wamasaba. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti, inafunguliwa Mutoto pale Mbale, ngoma ya Kadodi inapigwa mpaka ardhi inatetemeka, na wageni wanakaribishwa, ni jambo kubwa na la kujivunia. Lakini ni kijana anayekuwa mwanaume mbele ya ukoo wake, si shoo. Mgeni acheze Kadodi barabarani, ale, anunue, asikilize wazee wakieleza, na simu yake ikae mfukoni wakati wa kisu mpaka ukoo wenyewe useme ndio. Mji ukiuza kitu ambacho wenyewe wanaona kimedhalilishwa, wenyewe wataacha kukisemea, na hapo umebaki na bango tena.

La pili linaloharibu ni uongo wa macho. Wazee wa Mbale bado wanasimulia jinsi mji wao ulivyosifika zamani kwa usafi kuliko yote Uganda, na sifa hiyo haikutoka kwa msanii wa picha, ilitoka kwa watu wa fagio. Na Agosti 2024 jalala la Kiteezi la taka za Kampala lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30, hakuna video ya drone ya taa za jiji ingeweza kusema kitu. Taka ni tangazo. Choo cha stendi ni tangazo, mgeni anakikumbuka kuliko sanamu ya raundabauti. Mimi nikipewa milioni 10 za kubrandi mji wowote wa mpakani, nane naziweka kwa choo cha stendi na maji ya kunawa, na sioni aibu kusema hivyo.

Watoto na vijana wanajua haya mambo kuliko kamati. Masaka Kids Africana ni watoto wanaocheza ngoma kwa ua wa nyumbani, miguu mitupu, vumbi, furaha, na jina la Masaka limefika kwa mamilioni ya watu ambao hawangeweza kulionyesha kwa ramani. Kule Arua, Onduparaka ni jina la kijiji, vijana wakaanzisha timu 2011, 2016 ikapanda ligi kuu, na ghafla nchi nzima ikawa inataja kijiji kila wikendi, timu za Kampala zikawa zinasafiri mpaka West Nile. Wakaliga, mtaa wa mabanda Kampala, wanatengeneza filamu za mapigano kwa vyuma vya kuokota, watu wanapanda ndege kuja kuona inavyofanyika, wengine wanapewa nafasi ya kufa kwenye filamu. Wote watatu hawakuficha umaskini na hawakuomba huruma, walibeba jina la kwao vile lilivyo.

Hata mahali padogo mno panaweza. Obermutten huko Uswisi ni kijiji cha watu 80 hivi. Mwaka 2011 wakaahidi kwenye Facebook kwamba kila mtu atakayependa ukurasa wao, picha yake itaprintiwa ibandikwe kwa ubao wa matangazo wa kijiji. Wakafanya kweli, ubao ukajaa, wakahamia kuta za mabanda ya mifugo, na vyombo vya habari vya dunia vikaja kutazama. Ahadi ndogo iliyotimizwa. Hebu fikiria kikundi kinachosema kila atakayetuchangia mche mmoja jina lake litaandikwa kwa kibao kidogo kando ya ule mti, na kweli linaandikwa, na anatumiwa picha mti ukifika kiunoni.

Kupima je, utajuaje imefanya kazi? Hapa watu wanahesabu views na likes. Sisi tumenunua kaunta buku. Kila anayekuja anaulizwa swali moja, umesikia kwa nani, na jibu linaandikwa vile alivyosema. Baada ya miezi kadhaa unasoma unaona njia ambazo hukuzitegemea kabisa. Kwetu dereva mmoja wa boda alikuwa ametuletea watu wengi kuliko redio, na hatukujua hata jina lake, tulimtafuta tukamwalika kula. Tangu hapo watu wa boda wa stendi tumewaita, tumewapa chai, tumewaeleza hadithi ya mzee, kwa sababu mgeni akishuka basi mtu wa kwanza anayeongea naye ni wao, si meya.

Na pesa iingie kwa nani ni swali la mwanzo, si la mwisho. Namawojjolo inajulikana kwa sababu anayekimbia na kuku ndiye anayepata noti, papo hapo, mkononi. Siku jina likianza kumlipa mtu wa mbali tu, yule wa kijiti ataacha kukimbia.

Sisi Busia sasa tumekubaliana tufuate yule mzee. Neno boda boda limetoka hapa mpakani, wakati baiskeli zilikuwa zinavusha watu na mizigo kati ya ofisi ya huku na ya kule, na leo linasemwa Kigali, Dar, Nairobi, mpaka kwa habari za Uingereza. Tunataka kukusanya hadithi za waliopiga pedali miaka hiyo kabla hawajaondoka, tuzirekodi kwa Kiswahili na Kisamia, na baiskeli moja ya zamani tuitengeneze iwe inatembea, mgeni akija apakiwe nyuma avushwe mtaa kwa mtaa kama zamani. Fundi tumempata. Tunachokosa ni picha. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya miaka hiyo, hata imepasuka, hata imeliwa na mchwa pembeni, ya baiskeli yenye mto wa sponji nyuma na mtu ameishika usukani, msiitupe. Ileteni stendi mumuulize dereva yeyote wa boda, atawaleta mpaka kwetu, tutaipiga nakala na kuwarudishia siku hiyo hiyo.